Mashine Ikiadhibu, Nani Atajibu?

Hapa Ikola ng'ombe akila mahindi ya jirani, wazee hawamwiti ng'ombe barazani. Humwita mwenye ng'ombe. Sheria ya Musa (Kutoka 21) yaenda mbali zaidi: mtu aliyekwisha kuonywa kwamba ng'ombe wake ana desturi ya kupiga pembe, asimzuie, hatia ni yake mwenyewe.

Yafaa tuikumbuke hekima hiyo, maana siku hizi serikali zaikabidhi mashine kazi ya kuadhibu. Mwezi Juni 2025 kamera za Uganda zilianza kusoma namba za magari na kumtoza mwenye gari faini bila askari kumsimamisha. Watu walilalamika sana, na mwezi huohuo mpango ukasitishwa. Uholanzi walipatwa na makubwa zaidi. Idara ya kodi ilitumia akili bandia kuchagua wazazi wa kuchunguzwa juu ya posho ya malezi ya watoto, na kutokuwa raia kukahesabiwa kuwa dalili ya udanganyifu. Maelfu waliamriwa kurudisha fedha walizostahili, wakafilisika. Januari 2021 serikali nzima ilijiuzulu, na waliodhulumiwa wakaahidiwa fidia ya yuro 30,000.

Wapo wasemao kwamba mashine haili rushwa wala haimpendelei shemeji. Ni kweli. Lakini ikifundishwa kwa kumbukumbu zenye upendeleo, huurudia upendeleo huo kwa watu maelfu, wala haioni haya.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1967 ya mashauri dhidi ya serikali yakubali kwamba serikali iwajibike kwa makosa ya watumishi wake. Je, mashine ni mtumishi? Haina kiapo, haina dhamiri. Mjanja aweza kusema kwamba basi hakuna mkosaji. Tusikubali. Aliyeinunua, akaituma, na kupokea faini yake, apokee na lawama yake.

Tena Katiba yetu, ibara ya 13(6), yampa kila mtu haki ya kusikilizwa na kukata rufaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo yatambua haki ya mtu kudai kwamba uamuzi unaomgusa sana usitegemee mashine peke yake.

Ndugu msomaji, ukiletewa adhabu, uliza kwa adabu: ni nani aliyeamua, nami nimwendee wapi? Serikali isiyoweza kujibu swali hilo haijapata bado haki ya kuadhibu.