Kisanduku Chini ya Kaunta na Dhamana ya Aliyekitengeneza

Miongoni mwa kauli zinazotolewa kwa wepesi mno katika biashara ya vifaa vya ulinzi, hakuna inayostahili kupingwa kama ile isemayo kwamba kampuni inayotengeneza vinasa video, yaani vile visanduku vinavyopokea picha kutoka kwenye kamera na kuzihifadhi ili zitazamwe baadaye, haina dhamana yoyote juu ya yale yanayofanywa kwa picha hizo, kwa kuwa kazi yake huisha pale kisanduku kinapokabidhiwa kwa mnunuzi. Kauli hiyo huvaa sura ya unyenyekevu, maana fundi hujionyesha mdogo mbele ya mteja, polisi na serikali. Lakini ukiichunguza kwa makini, ni namna ya kukwepa swali ambalo hakuna mwingine anayeweza kulijibu badala yake.

Birmingham, Uingereza, ni mahali panapofaa kuipima kauli hiyo, kwa sababu ni mji uliojijengea jina kwa karakana zake ndogo ndogo, na kwa sababu maonyesho ya vifaa vya ulinzi yanayojulikana kama IFSEC yalifanyika huko kwa miaka mingi, katika kumbi za NEC, kabla ya kuhamishiwa London mwaka 2014. Kampuni yenye mafundi wachache inayoingia katika biashara hii hukuta njia mbili mbele yake: ama inunue kutoka Uchina kisanduku kilichokwisha kutengenezwa na kukibandika nembo yake, ama iandike programu yake yenyewe na kuchagua namna kifaa kitakavyofanya kazi. Njia ya kwanza ni nyepesi na wengi wameifuata. Ya pili hula miaka na mtaji, lakini ndiyo inayompa mtengenezaji haki ya kusema kwamba anakijua anachokiuza.

Uzito wa chaguo hilo huonekana mara tu hesabu ya kifaa inapopigwa. Kamera moja inayotuma picha kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde huzalisha takriban gigabaiti 43 kwa siku, kwa hiyo duka lenye kamera 16 linalotaka kuhifadhi picha za siku 30 huhitaji diski zenye nafasi ya kama terabaiti 21. Enzi za kanda za VHS, kanda ya saa tatu ilinyooshwa ifikie saa 24 kwa kurekodi picha chache tu kila sekunde, kisha ikarudiwa kutumiwa tena na tena hadi sura za watu zikafifia. Kusahau kulikuwa ndani ya kifaa chenyewe, kwa sababu ya udhaifu wake. Leo bei ya diski imeshuka, na programu za kubana picha, ambazo hupunguza ukubwa wa faili kwa kuhifadhi zaidi yale yanayobadilika kati ya picha moja na inayofuata, zimefanya kukumbuka kuwe rahisi kuliko kusahau. Picha zikae siku ngapi umekuwa uamuzi wa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni fundi aliyeweka namba ya kuanzia kiwandani, kwa kuwa mwenye duka katika barabara ya Stratford Road mjini Birmingham, mwenye foleni ya wateja mbele yake na kisanduku kilichojaa vumbi chini ya kaunta, hana wasaa wa kufungua ukurasa wa mipangilio.

Maamuzi ya aina hiyo ni mengi kuliko mteja anavyodhani. Je, kila anayefungua picha za zamani huandikwa jina lake na saa aliyozifungua, au mlinzi wa zamu anaweza kumfuatilia msichana fulani kwa wiki nzima na asijulikane? Je, saa ya kifaa hujirekebisha yenyewe Uingereza inapobadili majira mwezi Machi na Oktoba, au tukio la saa mbili usiku litabaki limeandikwa saa tatu, hadi mtu asiye na hatia atakiwe aeleze alikuwa wapi kwa saa isiyomhusu? Je, kijana anayeomba picha zake mwenyewe, kama sheria ya Uingereza ya kulinda taarifa binafsi inavyomruhusu, anaweza kupewa huku nyuso za wengine zimefichwa, au mwenye duka atamjibu kwamba mashine haina uwezo huo? Majibu yote hayo hupatikana, au hukosekana, mezani pa mwandishi wa programu.

Hata jambo dogo kama neno la siri limekwisha kuitikisa dunia. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vinasa video kwa wingi mkubwa, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo hakuna aliyeyabadilisha, na mwezi Oktoba vifaa hivyo vilielekezwa kwa pamoja dhidi ya Dyn, kampuni iliyosaidia kuwafikisha watu kwenye tovuti, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watumiaji wengi. Visanduku vilivyonunuliwa kulinda maduka viligeuzwa silaha pasipo wenyewe kujua, na Uingereza ikalazimika kutunga sheria mwaka 2022, iliyoanza kutumika Aprili 2024, ya kuwakataza watengenezaji kuuza vifaa vya nyumbani vinavyotumia neno la siri moja kwa wote.

Lakini somo zito zaidi limo katika mitaa ya Birmingham yenyewe. Mwaka 2010 ilibainika kwamba katika Sparkbrook na Washwood Heath, maeneo yenye Waislamu wengi wenye asili ya Pakistan, Bangladesh, Yemen na Somalia, kulikuwa kunawekwa kamera 218, nyingi zikiwa za kusoma namba za magari, na 72 kati yake zikiwa za kufichwa. Mpango huo ulioitwa Project Champion ulielezwa kwa wakazi kuwa wa kupunguza uhalifu wa kawaida, ilhali fedha zake, pauni milioni 3, zilitoka katika mfuko wa polisi wa kupambana na ugaidi. Wananchi walipolalamika, kamera zilifunikwa mifuko ya plastiki juu ya nguzo zake. Ripoti ya Sara Thornton, aliyekuwa mkuu wa polisi wa Thames Valley, ikalaumu vikali mwenendo huo. Mkuu wa polisi wa West Midlands, Chris Sims, akaomba radhi. Na mwaka 2011 kamera zikang'olewa.

Mtetezi wa kauli ya awali atasema kwamba kosa hapo lilikuwa la polisi. Hoja hiyo si ngeni mjini humo. Mwaka 1796 Samuel Galton, mfanyabiashara wa bunduki aliyekuwa muumini wa Kanisa la Marafiki, dhehebu ambalo baadaye lilipata wafuasi wengi Kaimosi na kwingineko magharibi mwa Kenya, alitakiwa na wenzake aeleze vipi mtu wa dini inayokataa vita anaishi kwa kuuza silaha. Alijibu kwamba kutengeneza si kutumia, kwamba mkulima wa shayiri halaumiwi kwa ulevi wa wengine, na kwamba kila mlipa kodi huchangia vita. Jibu lake lilikuwa na ukweli ndani yake, hasa kuhusu kodi, lakini wenzake hawakulikubali, wakamtenga. Nao walikuwa sahihi, kwa sababu mchango wa mlipa kodi ni mdogo na wa lazima, ilhali wa Galton ulikuwa wa hiari na wa kila siku.

Mjukuu wake, Francis Galton, alizaliwa mwaka 1822 katika Sparkbrook ile ile. Kitabu chake cha mwaka 1892 kuhusu alama za vidole kilisaidia kuzifanya kuwa chombo cha serikali cha kumtambua mtu, na haukupita muda mrefu chombo hicho kikafika Afrika Mashariki: chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wanaume Waafrika wa Kenya walilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyao na taarifa za waajiri wao, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mtu ambaye babu yake alivaa kikasha kile hahitaji kufundishwa kwamba kumbukumbu juu ya watu, ikishikwa na upande mmoja tu, huwa mnyororo.

Hayo hayamaanishi kwamba kurekodi ni uovu. Baada ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, ni picha za kamera za jengo zilizoonyesha askari wakitoka na mifuko katika duka la Nakumatt, na bila picha hizo malalamiko ya wenye maduka kwamba waliibiwa yangebaki maneno dhidi ya maneno. Kinasa video kinaweza kumtetea mnyonge, mradi kimetengenezwa kwa namna ambayo mwenye nguvu hawezi kukifuta wala kukichungulia kwa siri.

Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimemtwisha mzigo zaidi anayezikusanya na kuzitumia taarifa, yaani mwenye duka, hoteli au shule, huku aliyeuza mashine akibaki pembeni. Kampuni ya Birmingham inayotaka kuuza Mombasa au Mwanza haina haja ya kungoja bunge lolote ndipo itoe kisanduku kinachofuta picha baada ya siku 30 pasipo sababu ya kuzihifadhi, kinachoandika jina la kila aliyezitazama, na kisichofanya kazi hadi mnunuzi aweke neno lake mwenyewe la siri. Na ikiletewa zabuni ya kufunga vifaa vya kificho katika mtaa wa watu wa dini moja, iandike barua ya kukataa, hata kama ndiyo zabuni kubwa kuliko zote za mwaka huo.