Mcheza kwao na atuzwe

Kila mgeni anayehamia Dodoma hujifunza kwanza neno moja la Kigogo, la salamu: Mbukwenyi. Wakubwa hulitumia kufungulia hotuba, umati ukashangilia, kisha ratiba ikaendelea. Nalipenda neno hili. Lakini kuna siku lilinichoma moyo.

Ilikuwa shughuli ya uzinduzi hapa mjini. Akina mama wa kikundi cha muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, walifika saa moja asubuhi na ngoma zao. Waliziegemeza ukutani zipate jua, ngozi zikaze. Mara kwa mara mmoja aliinuka, akagonga ngoma yake kwa vidole viwili, akatega sikio, akaigeuza upande. Mgeni rasmi aliingia saa sita, akatusalimu kwa Mbukwenyi. Akina mama wakabana ngoma mapajani, wakapiga kama dakika tano, mshereheshaji akawakatisha kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda. Wakapewa soda na nauli. Nikamwendea mmoja wao, mtu mzima wa umri wa mama yangu, nikampa pole. "Mwanangu," akanijibu, "mikono hii ndiyo inayolima. Leo sikwenda shamba."

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mama yule yuko kwao. Tuzo yake iko wapi?

Ugenini sanaa ya Wagogo imetuzwa. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyezaliwa Dodoma na kufariki Desemba 2003, aliitwa na Mwalimu Nyerere kwenda kupiga muziki Dar es Salaam, baadaye akahamia Bagamoyo, na sauti ya zeze lake ikafika Ulaya. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, Pendo na Leah, walitoa albamu yao ya Maisha huko Uingereza, na wapenzi wa muziki wakaipokea kwa mikono miwili. Wazungu wanaijua ilimba, ala nyingine ya Wagogo. Kijana wa Dodoma anayeshika kila siku simu yenye muziki wa dunia nzima huenda hajapata kuigusa. Angeiinamia kwa karibu angeona vyuma vyembamba vilivyofuliwa kimoja kimoja, na kwenye tundu la kisanduku angekuta utando wa buibui umebandikwa ili sauti ivume. Ujuzi wa kubandika utando ule hufundishwa kwa kukaa karibu na mzee anayeujua. Mzee akiondoka bila mwanafunzi, ameondoka nao.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Tangu 2009 Chamwino kumekuwa na tamasha la muziki wa Wagogo, lililoasisiwa na msomi wa muziki Kedmon Mapana, na vikundi vya vijijini hukutana hapo kuchezeana na kujifunza. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini tamasha ni la siku chache, na mtoto wa msanii hula kila siku.

Mji wenyewe, wakati huohuo, unakua mbele ya macho yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa 1973, Serikali ikahamia kwa kishindo kuanzia 2016, Dodoma ikawa Jiji Aprili 2018, na 2024 treni ya umeme ikafika. Mtumba kumejaa majengo ya wizara. Nayafurahia yote haya, nami nanufaika nayo. Ila mji ni zaidi ya ofisi. Watu huupenda mji kwa kile wanachokutana nacho humo baada ya kazi.

Ndiyo maana macho yangu yako katikati ya mji wa zamani. Reli ilifika hapa enzi za Wajerumani, na maduka yakaota kuizunguka. Kuanzia stesheni ile kongwe, kupitia Uhindini hadi Nyerere Square, ni mwendo wa kutembea kwa miguu. Majengo mawili matatu ya zamani yangekarabatiwa badala ya kuvunjwa, tungepata karakana ya fundi zeze, darasa la ilimba na jukwaa la muheme kila Jumamosi jioni, lenye kiingilio. Zanzibar walifanya hivyo: mwaka 2002 chuo cha muziki kilianza katika jengo la zamani la Forodha, na watoto wa Mji Mkongwe wakajifunza taarab humo.

Tahadhari ni moja. Mtaa ukipendeza, kodi hupanda, na wanaoupa mtaa uhai ndio hufukuzwa kwanza. Nafasi ya wasanii ilindwe kwa maandishi tangu mwanzo. Na mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambayo ni hatua njema, itarejeshwa vipi na msanii asiye na mahali pa kukutana na mteja wake?

Wenye mamlaka ya Jiji, hilo ni lenu. La kwetu sisi wengine halihitaji bajeti ya Serikali. Ukialika kikundi cha ngoma kwenye harusi, mkutano au uzinduzi, patana nacho bei mapema, kama unavyopatana na mpishi na mwenye mahema. Kitafutie kivuli na maji. Kiache kimalize wimbo. Kisha ulipe siku hiyohiyo.