Utulivu wa Pangani ni wa Nani?

Muulize mtu wa Dar es Salaam kwa nini anapenda kwenda Pangani, atakujibu bila kusita: kule hakuna watu. Hulisema hilo kwa furaha. Lakini Pangani watu wapo. Wapo wavuvi wa dagaa na wachuuzi wao, wapo wanawake wanaoshuka mwambani kutafuta pweza maji ya bamvua yanapokupwa, wapo wanaovuka mto kila siku kati ya mjini na Bweni. Anachokusudia mgeni ni kwamba hakuna watu wanaomdai chochote. Hakuna mkubwa wa kazi, hakuna foleni, hakuna anayemsukuma kituoni. Ndiyo maana swali la utulivu ni gumu kuliko linavyoonekana: je, umo katika mji wenyewe, au umo katika nafasi aliyonayo mtu ndani ya mji huo?

Chukua usiku wa giza, usiku usio na mwezi. Mgeni aketiye ufukweni huona taa zimetapakaa baharini, naye moyo wake hutulia. Taa zile ni kazi. Dagaa hufuata mwanga, na mwanga wa kuwavutia hauna nguvu mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo siku za giza ndizo siku za jasho, na kwa wengi mapumziko huja mwezi unapokuwa mpevu. Bahari ni ileile na saa ni ileile, lakini mmoja amefika mwisho wa shughuli zake na mwingine yumo katikati ya zake. Hakuna aliyekosea kuona anavyoona. Ila yule wa kwanza akisema mahali hapa pametulia, ametaja hali yake kwa jina la mji.

Tena mji huu haukuzaliwa kimya. Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa misafara ya bara. Pembe za ndovu zilishuka hapa, na watu waliofungwa minyororo walishuka hapa. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim aliongoza kutoka hapa upinzani ulioitikisa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, na Desemba 1889 akanyongwa katika mji huuhuu. Kisha, mwaka 1893, reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga kuelekea Usambara, mwaka uleule mkonge ulipoletwa nchini na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto. Tanga ilikuwa na bandari ya kina. Mdomo wa mto Pangani una mafungu ya mchanga yasiyozitaki meli kubwa. Mizigo ikahama. Baadaye nyuzi za viwandani zikauangusha mkonge nao, na mashamba mengi yakanyamaza.

Kwa hiyo utulivu wa Pangani una tarehe zake. Sehemu yake imetokana na kwisha kwa uovu, kwani hakuna mwenye akili timamu atakayelilia kelele za soko la watumwa. Sehemu nyingine imetokana na riziki kuhamia kwingine, na vijana kuifuata. Jicho la mgeni haliwezi kuzitenganisha sehemu hizo mbili. Kuta za zamani zinazomomonyoka karibu na mto humpendeza vilevile, ziwe zilijengwa kwa faida ya dhuluma au kwa jasho la halali, ziwe ziliachwa kwa uhuru au kwa ufukara. Hilo ndilo linalonitia shaka kila ninaposikia ukimya ukisifiwa kama wema. Ukimya hauna tabia. Tabia inayo sababu iliyouleta.

Maziwe inaonyesha hilo waziwazi zaidi. Kisiwa hicho kidogo mbele ya Pangani kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga kwa wingi. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika lote. Mayai ya kasa wanaotaga pale huhamishiwa bara ili yasizame. Huwezi kupata mahali patupu kuliko Maziwe, na wageni hupiga picha wakisema pako kama palivyoumbwa. La hasha. Utupu ule ni hasara, nasi tunaufurahia kwa sababu hatukuijua miti.

Hata hivyo siamini kwamba mapenzi ya mji mdogo ni udanganyifu mtupu. Kuna kitu cha kweli pale, ila tumekipa jina lisilo lake. Pita mtaani asubuhi. Mzee aliyeketi barazani anangoja shikamoo yako. Akishaitikia marahaba atauliza habari za safari, na baada yake swali ambalo jijini hakuna anayekuuliza: umefikia kwa nani? Swali hilo linachukulia kwamba hakuna mtu asiye na wenyewe. Yule aliyekimbia watu sasa anaonekana kuliko alivyoonekana kwa mwaka mzima kati ya mamilioni. Jioni atakuwa anajulikana kwa shati lake na kwa samaki aliyemnunua. Nadhani hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta tuliposema tunataka mahali pasipo na watu: tulitaka mahali ambapo watu ni wa kadiri, kila mmoja ana uzito wake.

Kadiri hiyo ndiyo iliyo hatarini, na inalindwa vibaya ikiwa tutalinda ukimya wenyewe. Barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la kuvuka mto, ni mradi ambao baadhi ya wapenzi wa Pangani wanaunung'unikia. Kivuko kwao ni raha. Mwenye mjamzito Bweni usiku wa manane hana raha hiyo, na sioni haki yoyote ya msafiri wa siku tatu kutaka mama huyo angoje ili yeye apate mandhari. Daraja lije.

Bali ufukwe una sheria, nayo haihitaji kutungwa upya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Katika mita hizo ngalawa huvutwa na kuzibwa nyufa, nyavu hushonwa, watoto hucheza mpira, mgeni hutandika mkeka wake na kusalimiwa. Ukuta wa hoteli ukisogea hapo, kila mmoja atabaki na utulivu wake peke yake, na mvuvi atapita kwa ruhusa ya mlinzi. Ningeomba mita hizo zipimwe kwa kamba, mbele ya wanakijiji wote, kabla mwekezaji wa kwanza hajachimba msingi.