Namba ya Nani?

Hivi, mgonjwa ana haki ya kuijua namba yake hata kama namba yenyewe inatisha? Swali hili sikulipata darasani. Nilipomaliza kidato cha nne nilidhani mimi na seli tumeachana milele. Kumbe wapi!

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa na miaka 16 goti lilipoanza kuvimba. Tukasema ni mpira, tukamchua. Lakini uvimbe ukakua. Hospitali wakakata kinyama wakapima: osteosakoma, saratani ya mfupa ambayo huwapata sana vijana wanaorefuka, hasa kwenye goti. Chini ya majibu palikuwa na mstari mmoja: Ki-67, asilimia 40.

Baba mdogo akaikunja karatasi. "Asiambiwe."

Nikaitikia, "Ndiyo, baba."

Usiku nikamfuata rafiki yangu anayesomea udaktari. Akanieleza kwamba Ki-67 ni protini inayoonekana kwenye seli zilizo mbioni kujigawa. Seli iliyopumzika haina. Ki ni Kiel, mji wa Ujerumani ilikogunduliwa, kwenye ripoti ya 1983. Kwa hiyo katika kila seli 100 za uvimbe zilizohesabiwa, 40 zilikuwa kazini. Namba ikiwa kubwa, mara nyingi ugonjwa una kasi. Mara nyingi, bwana, si mara zote. Kwa saratani hii madaktari hutazama zaidi kama imefika mapafuni, na kama dawa zimeua asilimia 90 au zaidi ya uvimbe kabla ya upasuaji.

Baba mdogo si mtu mbaya. Aliogopa mtoto asikate tamaa, na kwetu habari nzito hubebwa na wakubwa. Lakini siku moja dogo akaniuliza, "Kaka, mbona siku hizi mnanipa mimi mapaja ya kuku?" Nikashindwa kumjibu. Kumbe tulikuwa hatujamficha ugonjwa. Tulikuwa tumemwacha peke yake na hofu.

Mimi naota kuandika riwaya. Mwandishi anaujua mwisho, mhusika haujui. Ile karatasi ilinifanya nijione mwandishi na mdogo wangu mhusika. Uongo mtupu! Namba ile ilihesabu seli za kipande kimoja, siku moja. Mwisho wake hata mimi siujui. Basi nilikuwa namficha nini, kama si hofu yangu mwenyewe?

Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo 60 zimelala?"

"Zimelala, lakini nazo ni saratani."

"Karatasi iko wapi?"

"Anayo baba."

"Kaniletee. Ni yangu."

Wako watakaosema nimemvunjia baba mdogo heshima. Labda. Dogo bado anaendelea na dawa, na sasa maswali yake anamuuliza daktari mwenyewe, karatasi mkononi.