Rafiki au Mtumishi?

Wengi wenu mnapenda visa vya wapelelezi. Katika visa hivyo mara nyingi wako watu wawili: mmoja mwenye akili kali, na mwenzake anayemfuata kwa uaminifu. Sherlock Holmes, aliyetungwa na Arthur Conan Doyle wa Uingereza mwaka 1887, ana daktari Watson. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja katika kitabu Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, ana Najum. Bwana Msa huvuta kiko na kufikiri. Najum huuliza, kisha hungoja jibu mpaka mwisho.

Sasa tuulize: huyu wa pili ni rafiki kweli, ama ni mtumishi tu?

Swali hili si la mchezo. Hapa kwetu Lubumbashi utawakuta watu wawili waliokua pamoja. Mmoja amesoma chuo kikuu, mwingine anauza makala huko Katuba. Yule aliyesoma akipata shauri, humwambia mwenzake: «Peleka barua hii», au «Njoo uwe shahidi wangu», wala hamwelezi sababu. Mwenzake hufanya, kwa kuwa anampenda. Je, ni haki?

Katika kisa kimoja cha mwaka 1913, Holmes anajifanya mgonjwa wa kufa ili amnase mwuaji. Watson anataka kumtibu. Holmes anamkataza asimkaribie, hata anaudharau udaktari wake. Watson anaumia moyoni, lakini hamwachi. Mwisho Holmes anaeleza: alimficha kwa sababu Watson hajui kudanganya, angeiharibu hila. Tazameni! Unyofu wake ndio uliomfanya adanganywe. Mwuaji alikamatwa, ni kweli, lakini deni lilibaki kati ya marafiki wawili.

Katika kisa kingine, kilichotoka mwaka 1924, Watson anapigwa risasi pajani. Hapo Holmes, mtu mkavu, midomo yamtetemeka na macho yanalowa. Watson anaona jeraha lile si kitu, maana sasa amejua jinsi anavyopendwa. Tunafurahi pamoja naye. Lakini je, ilipasa kungoja risasi?

Katika Injili ya Yoane, sura ya 15, Bwana wetu anapambanua mtumishi na rafiki kwa jambo moja: mtumishi hutumwa tu, rafiki huambiwa. Wale wavuvi hawakumkaribia Bwana kwa hekima hata kidogo, naye aliwajulisha mambo ya Baba yake. Basi tofauti ya akili haizuii urafiki. Kinachouzuia ni kumwacha mwenzako gizani.

Mtu atasema: ziko siri zinazopaswa kutunzwa. Kweli. Padri hafunui maungamo, wala daktari hatangazi ugonjwa wa mtu. Siri ya mtu mwingine si mali yako. Lakini shauri ni lako mwenyewe, na miguu inayokwenda ni ya rafiki yako. Lazima ajue anakokwenda, apate kukubali ama kukataa. Asiyeweza kukataa hajawa rafiki bado.

Nawe unayefuata, uaminifu wako usiwe wa kipofu. Najum anampenda Bwana Msa, wala hachoki kumwuliza. Uliza nawe. Rafiki wa kweli hatakasirika. Na akikasirika, umekwisha kujua alikuwa akikuhesabu kuwa nani.