Mkono Ulioshika Kibano

Mbegu zilinifikia ndani ya karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: nyeusi, laini kama ugoro. Mwalimu mwenzangu aliyenigawia alinionya nisipumue karibu nazo. Zilikuwa za Drosera capensis, mmea wa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, unaonasa wadudu kwa ute wa majani yake. Nilizinyunyiza juu ya mchanga uliochanganywa na piti, bila kuzifukia maana zinataka mwanga ili ziote, ndani ya tangi la kioo lililowahi kufugiwa samaki. Hapa Arusha maji ya bomba yana madini mengi, na floridi imo, na mmea huu uliozoea ardhi fukara hauyavumilii. Basi nikakinga maji ya mvua, ndoo kwa ndoo.

Siku ya 26 nikaona kijani. Kila mche ulikuwa mdogo kuliko kichwa cha pini, lakini baada ya vijani viwili vya kwanza, jani lililofuata lilishaota vinywele vyekundu, na kila kinywele kimebeba tone lake. Kiumbe hakijafikia ukubwa wa punje ya mtama, na tayari kimetega.

Mama yangu alikuja kunitembelea mimea ilipofikisha miezi tisa. Jioni moja alinikuta nimechukua usubi wa ndizi mbivu kwa kibano na kumweka juu ya jani. Mguu mmoja ulinata. Akavuta, ute ukarefuka kama uzi wa asali. Akakanyaga kwa mguu wa pili ili ajinasue, nao ukanata. Vinywele vya pembeni vikaanza kumwinamia, polepole kama mshale wa dakika kwenye saa ya ukutani. Haikupita nusu saa akatulia.

“Huyo kaingiaje humo, nawe umefunika?” Mama akauliza.

“Nimemweka mimi, Mama.”

Akanyamaza kidogo. “Basi, mwanangu, usije ukasema mmea ndio uliomuua.”

Sikulala vizuri usiku ule. Nimelelewa katika nyumba ya Kilutheri ambamo hatukugusa chakula kabla ya sala, na Kitabu cha Mwanzo kilinifundisha kwamba mimea ndiyo iliyopewa wanyama iwe chakula chao. Mmea unaomla mnyama unaupindua mpango huo. Hata Linnaeus, yule Mswidi aliyeyapanga majina ya mimea, ulimtatiza. Mwaka 1769 John Ellis alimwandikia kutoka London kuhusu mmea wa Carolina unaofunga jani kama mtego, akidhani kwamba unajilisha wadudu. Linnaeus akashikilia kwamba mdudu akiacha kupapatika jani humwachia aende zake. Ninamwelewa. Alitaka kumtetea Mungu.

Darwin hakutafuta mlango huo. Mei 1860 alimwandikia Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, kwamba hawezi kuamini kuwa Mungu mwema aliwaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao humla kiwavi akingali hai. Miezi michache baadaye, kiangazi kile kile, akaanza kuchunguza majani ya Drosera, kazi iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1875. Kwangu mambo hayo mawili ni swali moja.

Zaburi ya 104 inasema wanasimba humlilia Mungu awape chakula. Nilikuwa nikiupenda mstari huo. Sasa unanitisha, kwa sababu ndani ya tangi langu anayeliliwa ni mimi. Porini usubi hujiendea mwenyewe, na tunaweza kusema ni maumbile. Kwangu kuna mfuniko, na mfuniko ule nimeufunga mimi.

Tena mmea wenyewe haumtaki mdudu kwa ajili ya uhai wa siku kwa siku. Nguvu zake hutoka kwenye mwanga, kama mchicha. Mdudu huupa naitrojeni ambayo udongo wake hauna. Bila mdudu ungeishi, kwa unyonge. Mtoto wa Darwin, Francis, alilithibitisha hilo mwaka 1878: mimea aliyoilisha nyama ilizaa mbegu nyingi zaidi kuliko iliyonyimwa. Kwa hiyo usubi wangu hakufa ili mche uishi. Alikufa kwa sababu nilitaka kuona maua. Naamini Mungu aliyeliumba jani lile anaweza kuulizwa, nami namuuliza karibu kila jioni, lakini nimeona aibu kumuuliza huku nimeshika kibano.

Siku hizi naamka kabla ya watoto na kufagia baraza. Chini ya taa huwa kuna wadudu waliokufa usiku, na jani linawapokea vilevile nikiwasaga na kuwadondoshea maji ya mvua. Vinywele huinama, ila kwa kuchelewa. Najua taa ile nayo nimeiwasha mimi. Nimeanza kuizima saa nne, wadudu wamepungua, na mimea miwili imedumaa.

Leo asubuhi niliokota saba. Mmoja alikuwa bado anachezesha mguu. Nikamweka kwenye jani la mgomba, kivulini, nikaingia ndani na wale sita.