Kuuliza Njia na Kuulizwa Njia

Miongoni mwa mambo ambayo watu huyaona madogo, nayo si madogo, ni hili la mtu kuingia mji asioujua. Aghlabu hatupotei kwa sababu ya ugeni; twapotea kwa kuona haya kuudhihirisha ugeni wetu. Wazee walisema mgeni ni kuku mweupe, nasi twajitia rangi ili tufanane na kuku wa nyumbani: twatembea upesi, kichwa juu, kama tujuao twendako, na kila hatua yatuzidishia umbali.

Twauliza basi: je, pana aibu gani katika kuuliza? Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi na merikebu zenye mizinga, wala hakuikata bahari kwenda Bara Hindi mpaka mfalme wa Malindi alipompa rubani aijuaye njia. Aliondoka mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei akawa amekwisha fika Calicut. Ikiwa mwenye mizinga alihitaji kuonyeshwa njia, sisi wenye kifurushi cha nguo twajivunia nini?

Hatusemi kwamba mgeni akae tu akingojea kuongozwa. Yampasa kutazama. Katika Mji wa Kale wa Mombasa nyumba ni ndefu na vichochoro ni vyembamba, hata bahari haionekani ijapokuwa i karibu. Lakini msikiti hauko mbali, na msikiti una mihrabu. Mombasa na Makka zote ziko karibu na nyuzi 40 za mashariki. Kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, na wazee wetu upande wa kaskazini wakauita kibla, na upande wa kusini wakauita suheli kwa jina la nyota. Ajuaye haya, akisimama kuielekea mihrabu, ajua kwamba mkono wake wa kulia ni mashariki, na bandari ya kale iko huko.

Walakini ilimu ya mji mmoja si ilimu ya miji yote. Maskati kibla ni magharibi, na Kairo ni kusini mashariki. Mtu wa Mombasa akifika Maskati akaifuata mihrabu kwa mazoea ya kwao, atakwenda magharibi naye adhani aenda kaskazini. Mihrabu haikukosea, imekosea dhana yake. Na ramani iliyomo katika simu ni neema, lakini yategemea ishara za setilaiti zisizopungua nne, na baina ya kuta ndefu ishara hizo hugonga na kurudi, hata ikamwonyesha mtu kuwa yuko mtaa wa pili. Hapana budi, basi, ila kuuliza.

Sasa tumgeukie mwenyeji, kwani kwake ndiko liliko swali zito. Aulizwa njia asiyoijua; aona uzito kusema "sijui" mbele ya mgeni; anyosha mkono, "pita hapo, kisha shika kulia", na nafsi yake yaridhika. Wako watakaosema: alikusudia wema. Sisi twasema: nia njema peke yake haimfikishi mtu. Mgeni amempa amana ya miguu yake. Huenda amchukua mgonjwa. Huenda chombo chamngoja. Huenda ni mwanamke peke yake na jua latua. Mwenye kusema "sijui" humwacha mgeni na shaka yake, naye ataendelea kuuliza. Mwenye kubuni humwondolea hata ile shaka iliyokuwa ikimlinda.

Basi yatupasa mambo mawili. Tukiwa wageni, tuulize mapema kabla hatujachoka, kwani kuuliza si ujinga, na katikati ya njia tumuulize mtu wa pili. Tukiwa wenyeji, tuseme tulijualo, na tusilolijua tuseme hatulijui, kisha tumpeleke mgeni kwa ajuaye. Asiyeweza kusema "sijui" katika njia ya mtaani, ataisemaje katika mambo yaliyo makubwa kuliko njia?